JIRANI MKUBWA ASIYE NA BAHARI

Maneno ya mwanachama mmoja wa kazi ya reli, mbele ya wafanya kazi wa Nanighi, Tana River. Yamepigwa chapa kwa ombi la waliokuwapo.



Mimi si msemaji mkubwa. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni mataruma, kokoto na nyundo. Lakini Katibu ameniomba niseme habari za reli ya Lamu, kwa kuwa kila nijapo likizo watu wa hapa huniuliza, "Bwana Reli, itakuja lini?" Siwezi kulijibu swali hilo kabla sijawaambia habari za nchi ambayo reli hiyo imekusudiwa kuifikia. Nchi hiyo ni Ethiopia.

Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 120. Katika Afrika ni Nigeria peke yake inayoizidi kwa wingi wa watu. Lakini haina bahari, hata kipande cha kufunga ngalawa. Duniani kote hakuna nchi nyingine isiyo na bahari yenye watu wengi kama hao. Zamani ilikuwa na bandari za Assab na Massawa. Eritrea ilipopata uhuru wake mwaka 1993, pwani yote ikaenda na Eritrea. Kwa miaka michache Ethiopia iliendelea kuitumia Assab, mpaka vita vya nchi hizo mbili vilipozuka mwaka 1998 na mlango ukafungwa.

Tangu hapo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mizigo yake zimekuwa zikipitia Djibouti, nchi ndogo yenye watu kama milioni moja. Fikirini jambo hilo. Mtu mwenye nyumba kubwa na watoto wengi, lakini mlango wake wa kutokea uko katika ua wa jirani mdogo. Kila gunia la mbolea na kila pipa la mafuta ni lazima lipite hapo na kulipiwa.

Mtu wa namna hiyo hufanya nini? Hutafuta milango mingine. Ndivyo Ethiopia ilivyofanya, na ndiyo sababu mambo yake yanatuhusu sisi tulio mbali hapa mtoni.

Kwanza iliutengeneza vizuri mlango ilio nao. Reli ya zamani ya Djibouti ilijengwa na Wafaransa toka mwaka 1897 mpaka 1917. Ilipochakaa, Ethiopia na Djibouti zilikopa fedha China, zikajenga reli mpya ya umeme yenye urefu wa kilomita zaidi ya 750. Ilifunguliwa upande wa Addis Ababa Oktoba 2016, karibu miaka mia moja baada ya ile ya zamani kumalizika, na njia ni karibu ile ile, maana haja ni ile ile. Miaka ya mwanzo reli hiyo mpya iliendeshwa na makampuni ya Kichina, wenyeji wakijifunza.

Pili ilitazama Berbera. Mwaka 2018 Ethiopia iliahidiwa sehemu 19 katika mia za bandari hiyo, lakini haikutimiza masharti, na mwaka 2022 ikasemwa kwamba sehemu hiyo imepotea. Tarehe 1 Januari 2024 ikatia sahihi maafikiano na Somaliland ya kukodi pwani ya kilomita 20 kwa miaka 50. Somalia ilikasirika mno, kwa kuwa inaihesabu Somaliland kuwa nchi yake. Mwaka mzima watu waliogopa vita, mpaka Waturuki walipowakutanisha Ankara, Desemba 2024.

Tatu iko Lamu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alisimama Lamu pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudani Kusini, wakaanzisha mpango uitwao LAPSSET: bandari, barabara, bomba la mafuta, na reli. Njia yake yatoka Lamu hadi Garissa, Isiolo, Moyale na Ethiopia, na tawi jingine kwenda Sudani Kusini. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Barabara ya lami toka Isiolo mpaka Moyale imekwisha. Moyale pana kituo kimoja cha forodha cha nchi mbili, kilichofunguliwa Desemba 2020. Lakini reli haipo. Nawaambia kama mtu wa reli: toka Lamu mpaka Isiolo halijalazwa taruma hata moja.

Ndugu zangu, msidhani kwamba ujirani huu ni mpya. Mara baada ya Uhuru wetu wa 1963, Mzee Kenyatta na Mfalme Haile Selassie waliwekeana mkataba wa kulindana, kwa sababu nchi zote mbili zilikuwa na shauri la mpaka na Somalia. Vita vya Shifta vya 1963 mpaka 1967 wazee wa hapa wanavikumbuka bila kusomewa. Mwaka 1974 Mfalme aliondolewa, wakaingia askari waliofuata siasa ya Urusi, na Kenya ilikuwa rafiki wa Uingereza na Marekani. Hata hivyo mwaka 1979 Kenya na Ethiopia zilitia tena sahihi mkataba wa urafiki. Hapa pana fundisho. Wafalme walikwenda, siasa zikabadilika, lakini haja ilibaki, na mkataba ukabaki pamoja nayo.

Tena ujirani huu umo katika ndimi zetu. Ndugu zetu Waorma wanaochunga hapa husema lugha iliyo moja kwa asili na Kioromo cha Ethiopia. Mzee wa Kiorma akisikia redio ya kule hukaa akasikiliza. Ng'ombe wa Borana huvuka mpaka bila kuuliza habari za LAPSSET, na soko la mifugo la Garissa huwapokea.

Na siku hizi umo hata katika umeme. Toka Novemba 2022 Kenya hununua umeme wa Ethiopia, megawati 200 kwa kuanzia, kwa waya mkubwa wa kilomita zaidi ya 1,000 toka Wolaita Sodo mpaka Suswa. Septemba 2025 Ethiopia ilifungua bwawa lake kubwa la mto Nile, lenye nguvu ya megawati 5,150. Kwa hiyo jirani asiye na bahari anayo bidhaa ya kuuza, nasi tunayo bahari. Huo ndio msingi wa biashara yote: kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Wakubwa wakipatana, mzigo unabebwa na nani?

Misheni walitufundisha habari za Mfalme Sulemani, na ndugu zetu Waislamu wanamjua kwa jina la Nabii Suleiman. Sulemani alitaka miti ya mierezi kwa ajili ya hekalu, na miti ilikuwa kwa Hiramu, mfalme wa Tiro, mwenye pwani na mabaharia. Wakapatana vizuri sana. Hiramu alileta miti kwa bahari, Sulemani akatoa ngano na mafuta kila mwaka. Nilipokuwa mtoto nilisikia habari ya dhahabu tu. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma tena, nikaona hesabu ya wafanya kazi: watu 30,000 wa shokoa waliopelekwa Lebanoni kwa zamu, wachukuzi wa mizigo 70,000, wakata mawe 80,000. Majina yao hayakuandikwa. Na Sulemani alipokufa, watu walimwendea mwanawe kumwomba awapunguzie kongwa. Akawajibu kwa ukali, na ufalme ukagawanyika. Mapatano ya wakubwa yalikuwa mema. Waliosahauliwa ni waliobeba.

Nasi wa hapa hatuna haja ya kwenda Lebanoni kutafuta mfano. Mnakumbuka skimu ya Bura. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha. Mpango ulisema patajengwa kizuizi cha maji hapa Nanighi, maji yaende mashambani kwa mteremko wenyewe bila gharama ya mafuta. Kizuizi kikaahirishwa, zikawekwa pampu za dizeli, nasi tukaambiwa ni za muda. Za muda! Watu wakaletwa toka pande zote za Kenya, wakapewa mashamba ya pamba, na pampu zikiharibika pamba ilikauka mbele ya macho yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 skimu ikaanguka. Walioandika mpango walikuwa wamekwisha rudi kwao. Mkulima na kibarua ndio waliobaki na deni na njaa.

Na Lamu je? Wavuvi waliona bandari ikichimbwa katika maji yao ya kuvulia. Hawakukaa kimya, walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Rufani na mazungumzo yakafuata kwa miaka. Lakini jambo moja lilithibitika: mtu mdogo akijiandikisha pamoja na wenzake, hata serikali hulazimika kumjibu.

Nitawaambia na langu. Nilipokuwa kijana niliandikwa kibarua katika ujenzi wa njia. Kampuni siitaji. Tuliitwa asubuhi langoni kwa kunyoshewa kidole, wewe na wewe na wewe, na jioni tulilipwa mkononi. Nilifanya hivyo miezi minane bila karatasi. Siku moja reli ilimwangukia mwenzangu wa gengi mkononi, akapoteza vidole viwili. Alipokwenda kudai, karani alifungua daftari akasema jina hili silioni. Na kweli halikuwamo. Sisi sote tulikuwa mashahidi, lakini nasi majina yetu hayakuwamo. Siku hiyo ndipo nilipojiunga na chama. Vidole vya mwenzangu havikurudi.

Kwa hiyo nawapa mambo manne, nanyi myachukue nyumbani.

La kwanza, karatasi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kibarua wa siku kwa siku akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa wa siku, bali ana haki za mwenye mshahara wa mwezi. Asiyejua kuandika amwombe mwenzake amwandikie tarehe katika daftari la shule, kila siku aliyofanya kazi.

La pili, kuumia kazini. Iko sheria nyingine ya mwaka huo huo ya fidia kwa walioumia. Mwajiri aambiwe mara moja, na mashahidi waandike majina yao siku ile ile, wasingoje kesho.

La tatu, ardhi. Ardhi yetu nyingi ni ya jamii, na nyingi haijaandikishwa. Sheria ya mwaka 2016 inasema ardhi ya jamii isiyoandikishwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa amana, na hata fedha za fidia hushikwa na kaunti mpaka jamii ijiandikishe. Basi anayengoja kujiandikisha mpaka apimaji wa reli waonekane amechelewa. Wachungaji na wakulima waketi pamoja katika jambo hili. Tukigombana sisi kwa sisi kwa ajili ya malisho na mto, mtu wa tatu atapita katikati.

La nne, chama. Sheria inamlazimisha mwajiri kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuingia. Haisemi waliokasirika, haisemi wanaonung'unika chini ya mti. Inasema wanachama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya mkutano kama ni vema tumwogope jirani huyu mkubwa. Mzee wangu, mimi sioni haja ya kumwogopa wala ya kumshangilia. Dereva wa Kiethiopia anayeleta lori Moyale ni mfanya kazi kama sisi, naye ana watoto. Ethiopia haiji kwetu kwa mapenzi wala kwa uadui. Inakuja kwa haja, na mwenye haja hukubali masharti kabla hajapita. Akiisha kupita, maji yamemwagika, hayazoleki.

Tena yapo mambo yanayoizuia njia hii ambayo si yetu kuyaamua. Usalama wa upande wa Boni umeharibu kazi nyingi, na wafanya kazi wa barabara wameuawa kwa mabomu yaliyotegwa njiani. Nao Waethiopia walikuwa na vita vyao vya Tigray toka 2020 mpaka mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022. Fedha za reli ni nyingi, na mkopeshaji huuliza kwanza mizigo iko wapi.

Basi mkiniuliza itakuja lini, jibu langu ni hili: sijui, wala mhandisi hajui. Pengine itakuja watoto wetu wakiwa wakubwa. Pengine haitakuja. Lakini nchi yenye watu milioni 120 isiyo na bahari haitaacha kutafuta bahari, na bahari iliyo karibu na sisi ni Lamu. Watakapokuja, kwa reli au kwa lori, nataka wakute majina yetu yamo daftarini.

Katibu amekaa pale chini ya mkwaju na kitabu cha wanachama. Kalamu anayo.

Umoja ni nguvu.