Skrini Sita, Faida Ngapi?

(Haya ni mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.)



Juma hili nataka tuzungumzie chombo ambacho miaka ya nyuma kilionekana katika mabenki na ofisi kubwa tu, lakini siku hizi kimeingia hata katika vyumba vya kupanga vya Dodoma mjini na maduka ya nafaka ya Kibaigwa. Nacho ni kompyuta ya mezani yenye skrini zaidi ya moja, ile wanayoitumia wafanyabiashara wa hisa, mazao na fedha za kigeni kufuatilia bei.

Nimepata barua ya kijana mmoja wa Wilaya ya Kongwa. Anasema baba yake amekubali kuuza ng'ombe wawili ili anunue mtambo wa skrini sita, aanze biashara. Muuzaji amemwambia kwamba pasipo skrini sita hakuna faida. Kijana anauliza achague kompyuta gani ambayo haitamwangusha. Kwa kuwa swali hili ni la wengi, nalijibu mbele ya wote.

Kwanza tujiulize, skrini nyingi zilitoka wapi? Tarehe 27 Oktoba 1986 soko la hisa la London liligeukia biashara ya kompyuta. Haukupita muda mrefu, ukumbi ambamo madalali walikutana ana kwa ana ukabaki karibu mtupu. Dalali wa London au New York hutazama kwa wakati mmoja bei za hisa, fedha, mafuta na habari za dunia, na bei hizo hubadilika mara nyingi katika dakika moja. Skrini nne au sita kwake ni vitendea kazi.

Sasa tutazame kazi yetu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa tarehe 15 Aprili 1998, hisa za kwanza zikiwa za kampuni ya TOL. Mpaka leo zipo hisa pale ambazo bei yake hukaa siku nzima bila kusogea. Minada ya ufuta, mbaazi na choroko katika Soko la Bidhaa, TMX, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ina siku zake na saa zake. Bei ya mahindi ya Kibaigwa utaipata kwa kumpigia simu mtu aliyeko sokoni. Kwa kazi hizi skrini mbili zinatosha: moja ya bei, moja ya hesabu zako.

Basi tuje kwenye mashine yenyewe.

Jambo la kwanza ni matundu ya skrini. Geuza kompyuta, uhesabu nyuma yake. Kompyuta nyingi za ofisini zinabeba skrini mbili, na nyingine tatu, bila kuongezewa kadi ya picha. Ukitaka nne mara nyingi itakubidi uongeze kadi, na kadi inataka nafasi ndani ya boksi na pawa saplai yenye nguvu ya kutosha. Maboksi membamba hayapokei kadi kubwa. Tazama pia kama waya wa skrini unalingana na tundu. Skrini kuukuu zina tundu la VGA, na kompyuta nyingi za karibuni hazina.

Jambo la pili ni umri. Kompyuta nyingi tunazonunua ni za mtumba, na si aibu, kwa kuwa mashine za ofisi zimetengenezwa kudumu na spea zake zinapatikana. Lakini Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine za zamani. Kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 ndicho cha chini. Soma namba: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni kizazi cha 8. Si ajabu kwamba zile zilizotupwa na wenzetu wa Ulaya na Marekani zitauzwa huku kwa bei ya kuvutia. Kompyuta inayopitisha fedha zako isiyopata tena kinga mpya ni sawa na duka lisilo na kitasa.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. RAM ya GB 16 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha kabisa. Kuchora mistari ya bei si kazi nzito, na kadi za bei mbaya wanazotafuta wacheza gemu hazitakuongezea senti.

Jambo la nne ni umeme, na hapa ndipo mashine nyingi huugua. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, pawa saplai huungua. Nunua UPS kabla ya kuiwazia skrini ya tatu. UPS ndogo ya VA 650 itakupa dakika chache tu, lakini zinatosha kufunga oda na kuzima kwa utaratibu. Na kila skrini unayoongeza inapunguza dakika hizo.

Jambo la tano ni vumbi. Sisi wa nyanda za kati tunaijua hali yetu: mvua ikikoma mwezi wa Aprili, hadi Desemba ni jua, upepo na vumbi. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto, mashine hupunguza mwendo au hujizima yenyewe. Iweke juu ya meza, si sakafuni. Kila mwezi chomoa waya, itoe nje, fungua ubavu na uipulize. Usiifunike kitambaa cha kufuma ikiwa inafanya kazi, hata kama kitambaa hicho kinapendeza sebuleni.

Jambo la sita ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua nchini na kwa majirani. Siku kama hiyo, mwenye skrini sita na mwenye moja walikuwa sawa. Weka laini za kampuni mbili tofauti, na namba ya simu ya dalali wako iwe imeandikwa ukutani.

Kabla ya kulipa, washa mashine pale pale dukani, skrini zote zikiwa zimeunganishwa, uiache saa nzima. Fungua ukurasa mweupe utafute vidoa visivyowaka. Chomoa UPS ukutani uone kama mashine inabaki hai. Dai risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Muuzaji anayekataa mambo haya amekwisha kujibu swali lako.

Ndugu wasikilizaji, limebaki jambo zito kuliko mashine. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya dhamana ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara ya kubashiri bei kwa mkopo wa dalali hupoteza fedha. Hao ni watu wenye umeme wa uhakika na mtandao wa kasi. Hawakushindwa kwa uchache wa skrini.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana wa Kongwa ni hili. Nunua mashine nzima ya mtumba ya kizazi cha 8 au zaidi, skrini mbili, na UPS. Kama ng'ombe mmoja anatosha, wa pili abaki zizini. Hakikisha dalali wako ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa miezi sita ya kwanza andika kila ununuzi, kila uuzaji na sababu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakutaja idadi ya skrini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.