Karama si Cheo

Maneno ya mwalimu mmoja kutoka Nakivale kwa walimu wa Jumapili na viongozi wa jumuiya, Biharwe



Kwanza nawashukuru wenyeji wetu wa Biharwe kwa kutupokea. Hapa kwenu wazee husimulia jinsi jua lilivyopatwa mwaka 1520, na mfalme wa Bunyoro, aliyekuwa amekwisha kushinda vita, akakimbia na kuwaacha ng'ombe aliowateka. Nguvu za mwanadamu zina mwisho. Lakini leo sitasema juu ya wafalme. Nitasema juu ya mtu mwenye jembe.

Mtu huyo ni Apolo Kivebulaya, Mganda, aliyekuwa askari kabla ya kubatizwa. Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akafika Boga, ambayo leo iko Ituri, Kongo. Walimu waliomtangulia walishindwa kukaa kwa sababu ya kunyimwa chakula. Apolo hakusema, "Mimi ni mwalimu, nileteeni chakula." Alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe, na akafundisha kusoma. Baadaye alisingiziwa, akafungwa. Alipoachiliwa alirudi kwa watu wale wale, na Tabaro, mtawala aliyemtesa, mwishowe alibatizwa. Apolo alifariki tarehe 30 Mei 1933, akazikwa huko Boga.

Wengi wetu tumetoka upande huo. Yeye alivuka kuja kwetu na jembe. Je, sisi tulivuka kuja huku na nini?

Mimi nilivuka na cheti cha chuo cha ualimu, na kiburi. Kwa kuwa nilisomea Kifaransa, niliambiwa nianze kama msaidizi wa darasa la kwanza. Niliona ni aibu. Nikakaa nyumbani wiki nyingi, nikilalamika.

Siku zile mama mmoja jirani, mjane, alikuja na barua iliyoletwa kwa mkono, akaniomba nimsomee. Nilimwambia, "Rudi kesho." Alikuja mara tatu. Moyoni nilikuwa nikisema: mimi ni mwalimu wa sekondari, si karani wa barua. Siku ya nne mtoto wa darasa la tano alimsomea. Barua ilikuwa ya mwanawe. Ilisema atapita Mbarara siku ya Jumamosi, na atamngojea mama yake kwenye kituo cha mabasi. Jumamosi ilikuwa imekwisha kupita.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinisikiliza, halafu akanipa viazi vitamu, akasema, "Mwalimu, najua huna shamba bado." Mpaka leo hajamwona mwanawe.

Wapendwa, Petro anatufundisha (1 Petro 4:10) kwamba karama tuliyopewa si mali yetu. Tumekabidhiwa tu, tuitumie kwa ajili ya wengine. Ukiificha, kuna mtu anayekosa. Naye Bwana wetu, aliyekuwa na haki ya kutumikiwa, alichukua maji akawaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13). Unyenyekevu si kusema, "Mimi sijui kitu." Hata huo unaweza kuwa uvivu. Unyenyekevu ni kukubali kwamba ujuzi wako ni wa mwenzako anayeuhitaji leo, hata kama kazi ni ndogo na haina jina.

Tazameni Nakivale. Kuna fundi cherehani, kuna mkunga, kuna anayejua Kiswahili na Kinyankore anayeweza kumfasiria mgonjwa mbele ya daktari. Yule mama hajui kusoma, lakini alijua kwamba mimi nina njaa. Nani kati yetu alikuwa na karama kubwa?

Sasa nafundisha darasa la kwanza. Kila Alhamisi jioni nasoma barua za watu chini ya mti. Namwomba kila mmoja wenu, kabla ya kulala leo, akumbuke mtu aliyemwambia, "Rudi kesho." Asingoje arudi. Amwendee.