Safari na Mbwa wa Kulea Kusini mwa Afrika
(Maneno ya Mazungumzo)

Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo mbwa hulala nje. Kazi yake ni kulinda boma na kufuatana na wachungaji, na jina lake hutumika kuwa tusi. Kwa Waislamu walio wengi mate yake ni najisi, na aliyeguswa nayo hana budi kujitahirisha. Sikuja leo kuwataka mbadili desturi zenu. Nimekuja kuwasimulia habari za mbwa mmoja aliyesafiri na bwana wake katika njia za kusini mwa Afrika, zaidi ya miaka mia na thelathini iliyopita, kisha niulize swali moja: Mtu akimtwaa mnyama akamfanya wake na kusafiri naye, deni lake kwa mnyama yule huishia wapi?

Mbwa huyo aliitwa Jock. Bwana wake alikuwa Percy FitzPatrick, yule ambaye baadaye, mwaka 1919, alitoa shauri lililomfikia Mfalme George wa Tano kwamba watu wakae kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Mwaka 1884 alikuwa bado kijana. Aliiacha kazi ya benki huko Cape Town, akaenda mashariki ya Transvaal, ambako dhahabu ilikuwa imevumbuliwa. Dhahabu hakuipata, akawa mchukuzi wa mizigo kwa magari ya ng'ombe.

Njia yenyewe ilianzia bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo huitwa Maputo, ikavuka vilima vya Lebombo na nyika yenye joto kali, kisha ikapanda milima kwenda Lydenburg na Barberton. Gari moja lilikokotwa na ng'ombe kumi na sita au kumi na wanane, nalo lilikwenda polepole kama mtu atembeaye kwa miguu. Mara nyingi walisafiri usiku. Sababu moja ilikuwa jua, na ya pili ilikuwa mbung'o, ambaye huuma mchana. Wakati ule watu walijua kwamba mbung'o huua mifugo, lakini hawakujua anavyoua. Ilikuwa baadaye kidogo, katika miaka ya 1890, huko nchi ya Wazulu, ambapo daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o hupanda vijidudu katika damu ya mnyama. Ugonjwa huo, uitwao nagana, haumpati ng'ombe peke yake; humpata farasi, na mbwa pia.

Sasa nieleze jinsi Jock alivyopatikana. Katika kambi ya wachukuzi, mbwa mmoja aitwaye Jess alizaa watoto sita. Watano walikuwa wazuri, na kila mmoja akapata wa kumchukua. Wa sita alikuwa mdogo na dhaifu, hata watu wakamfananisha na panya, na shauri lililokuwapo ni kumtosa majini. FitzPatrick akamtaka. Hata alipopata nafasi ya kumbadili kwa mwingine aliye mzuri zaidi, alikataa. Alikuwa amekwisha kumchagua.

Kumchagua hakukutosha, ilibidi amfundishe. Alimzoeza kukiangalia chakula kilichowekwa mbele yake bila ya kukigusa mpaka aambiwe. Huenda mtu akadhani huo ni ukatili. Lakini fikirini: nyikani mna simba, mna mamba mitoni, mna nyoka majanini. Mbwa asiyeweza kuzuiwa kwa neno moja hatarudi kambini siku nyingi. Mafunzo yale ndiyo yaliyokuwa ngao yake.

Hata hivyo ngao haizuii kila pigo. Siku moja katika kuwinda, Jock alipigwa teke na tandala, na tangu siku hiyo akawa kiziwi. Neno la bwana wake halikumfikia tena, basi akazoea kumtazama usoni na mikononi, akafuata ishara badala ya sauti.

Tusimsahau mtu mwingine. Magari yale hayakuendeshwa na mwenye mali peke yake. Waafrika ndio walioshika mijeledi na kuwaongoza ng'ombe, na mmoja wao, Mzulu aliyeitwa Jim Makokel, alimpenda Jock kama wake mwenyewe. FitzPatrick alipoandika kitabu chake, "Jock of the Bushveld", kilichotoka mwaka 1907, aliandika habari za Waafrika kwa dharau ya siku zile, hata matoleo ya baadaye yakaondolewa maneno ya matusi. Lakini msomaji mwangalifu ataona ya kuwa pasipo mikono ya watu kama Jim, gari lile lisingaliondoka mahali pake.

Mwishowe ng'ombe wa FitzPatrick walikufa kwa sababu ya mbung'o, na biashara ikaanguka. Ilimpasa kukaa mjini. Akaona kwamba mbwa aliyezoea nyika atateseka mjini, akampa rafiki, na baadaye Jock akawa kwa mwenye duka huko upande wa Msumbiji. Hapo palikuwa na mbwa mwizi aliyekuja usiku kuua kuku. Usiku mmoja mwenye duka alisikia kelele, akatoka na bunduki, akaona mbwa gizani, akapiga. Kulipokucha alimkuta mwizi ndani ya banda la kuku, amekwisha kuuawa kwa meno. Aliyempiga risasi ni Jock, mlinzi wake. Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Mabwana na Mabibi, leo sehemu ya nyika ile imo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Kruger, iliyoanzishwa mwaka 1926, na ndani yake mna mawe ya ukumbusho wa njia aliyopita Jock. Lakini msafiri wa siku hizi haruhusiwi kuingia humo na mbwa wake. Wako watu wanaoona amri hiyo kuwa ni ukali usio na maana. Wasikie habari ya jirani zetu wa Tanzania. Mwaka 1994, huko Serengeti, maradhi ya mbwa yaliwaingia simba, na yapata simba elfu moja wakafa, yaani kadiri ya theluthi ya simba wote wa pale. Maradhi hayo yalitokana na mbwa wa vijijini. Basi amri hiyo huwalinda wanyama na mbwa, na pia humlinda mbwa na wanyama.

Kwa hiyo mtu atakaye kusafiri na mbwa kusini mwa Afrika hana budi kuipanga njia yake kwa ajili ya mbwa tangu mwanzo. Amchanje kwa ajili ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida siku thelathini au zaidi kabla ya kuvuka mpaka. Aombe kibali cha kila nchi mapema, pamoja na cheti cha afya kutoka kwa mganga wa mifugo. Kila jioni ampapase mwili mzima na kumtoa kupe, kwa maana kupe huleta homa iharibuyo damu. Asimwache ndani ya motakaa juani, hata kwa muda mfupi. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikikwisha kuonyesha dalili, ni nadra mno mtu kupona.

Sasa narudi kwenye swali langu. FitzPatrick alimwokoa Jock asitoswe majini, akamfundisha, akamlisha. Na alipomtoa, alimtoa kwa kumtakia mema. Simlaumu. Lakini mbwa hawezi kumweleza bwana mpya desturi zake, wala kusema gizani, "Ni mimi." Hayo hana budi kusemewa na yule aliyemlea. Kwa hiyo nasema kwamba deni halishi safari inapokwisha. Kabla hujamwokota mbwa njiani, fikiri kwanza ni nani atakayemchukua siku ile utakaposhindwa, na kama mtu huyo atamjua hata usiku.