Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Sikukuu Inapofika na Baba Yuko Mbali



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo. Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 chini ya mwembe, akina mama 19, hisa moja shilingi 2,000. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zake wanashika akina mama watatu wa nyumba mbalimbali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipokuja tukajiandikisha halmashauri kama inavyotakiwa. Hesabu za miaka yote kumi mtazisoma kwenye taarifa ya Mweka Hazina, humu humu kwenye kijitabu. Sisi tumeombwa tuseme faida ya kikundi ni nini, na tumeona afadhali tueleze jambo moja lililotokea kuliko kutaja mengi kwa haraka.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapa kwetu Morogoro wanajeshi si watu wa kusikia kwenye redio tu. Ni watoto wetu na wakwe zetu. Mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilipeleka askari Kongo katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, upande wa mashariki. Tangu hapo baadhi yetu tulijua maana ya kulala na simu chini ya mto.

Mwaka 2017 mmoja wa wanachama wetu alikuwa binti wa miaka 24, mdogo kuliko wote. Mume wake aliondoka kwenda Kongo katikati ya mwaka akamwacha na watoto wawili, mmoja anaingia darasa la kwanza Januari, mwingine ananyonya. Kabla ya kuondoka yule kijana aliwaambia wanawe, Krismasi mtavaa viatu vipya na chumba kitapakwa chokaa. Akachukua karatasi ya daftari, akauweka mguu wa yule mkubwa juu yake, akauchora kwa kalamu. Karatasi ile akamkabidhi mama yao.

Lakini jamani, kadi ya benki hakumwachia mke. Alimwachia kaka yake. Hatusemi kwa ubaya, ndivyo wanaume wengi walivyozoea, wanaona mke bado mtoto. Matokeo yake yule binti kila akihitaji sabuni anakwenda kwa shemeji. Leo anaambiwa subiri mwisho wa mwezi, kesho anaambiwa mbona juzi ulipewa. Mume huku anaamini nyumbani wanakula vizuri. Na mke akipigiwa simu hasemi, anaona atamtia mwenzake mawazo naye ameshika bunduki.

Kilichomsaidia ni sanduku. Alikuwa amechukua mkopo mdogo akaanza kukaanga maandazi alfajiri, anauza stendi na kwa mafundi ujenzi. Kila Jumamosi analeta hisa. Wiki nzuri tatu, wiki mbaya moja. Hajawahi kuja mikono mitupu. Tukimuuliza anacheka, anasema, "Mama zangu, nanunua kiatu kidogo kidogo."

Basi ikafika Desemba. Mgao wetu tulishaupanga Jumamosi tarehe 16, ili kila mama aende soko la Mawenzi mapema kabla bei hazijapanda. Alhamisi tarehe 7 jioni waasi wakavamia kambi ya askari wetu huko Semuliki, karibu na Beni. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa, na wengine wengi wakajeruhiwa. Habari zilitufikia Ijumaa. Majina hayakutajwa. Simu ya yule kijana haipatikani.

Jumamosi tarehe 9 ilikuwa sikukuu ya Uhuru, na ndiyo siku ya kikao chetu. Binti alikuja na mtoto mgongoni na hisa yake moja mkononi. Hakuna aliyejua aanzie wapi. Mama mmoja mtu mzima akasema mambo ya sikukuu yawekwe kando, si vizuri kununua nguo mpya wakati hatujui. Wengine wakaitikia. Kwa mila zetu hawakukosea, mtu hashoni nguo ya sherehe na huku anasubiri habari ya msiba.

Yule binti akaomba kusema. Alisema maneno ambayo Katibu aliyaandika kwenye daftari la kikao, nasi tunayasoma kama yalivyo: "Mama zangu, nawaheshimu. Lakini watoto waliahidiwa na baba yao. Kama yuko hai, atauliza kama nilifanya. Kama hayupo, basi hiyo ndiyo kauli yake ya mwisho kwa wanawe. Nitaiachaje?"

Tulikaa kimya. Halafu yule yule mama mtu mzima akasimama, akamchukua mtoto mgongoni, akasema mgao uendelee kama ulivyopangwa. Usiku ule wanachama wawili walikwenda kulala kwake, Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja. Siku ya pili, Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, simu ikalia. Alikuwa kambi nyingine, mtandao ulikatika. Aliongea dakika mbili tu. Aliuliza watoto, aliuliza chokaa. Kisha akataja rafiki zake wawili ambao hawapo tena, akashindwa kuendelea.

Ndugu zetu, hatukupiga vigelegele siku ile. Wako akina mama kama yeye, katika mikoa mingine ya nchi hii, ambao simu yao haikulia. Mgao tuliufungua kwa dakika moja ya kusimama kimya, kwa ajili ya wale askari na wajane wao.

Binti alipata shilingi 212,000. Kwa ruhusa yake tunazitaja alivyozitumia, maana vijana wengi hudhani mgao ni wa kula tu:

Mchele kilo 10, shilingi 20,000.
Mafuta ya kupikia lita 3, shilingi 12,000.
Kuku wawili, shilingi 30,000.
Nguo na viatu vya watoto, shilingi 58,000.
Chokaa na brashi, shilingi 10,000.
Sare na madaftari ya Januari, shilingi 40,000.
Mtaji wa maandazi, shilingi 42,000.

Hakuomba hata senti kwa shemeji. Viatu alivinunua kwa ile karatasi, lakini alichukua namba moja zaidi, kwani mguu wa mtoto haumsubiri baba. Chumba alikipaka mwenyewe, akina mama wakamshikia mtoto. Siku ya Krismasi alipika pilau, akapeleka sahani kwa shemeji yake kama kawaida ya ukoo. Tulimuuliza kwa nini. Akasema, "Ni kaka wa mume wangu, na akirudi lazima akute nyumba moja."

Mume alirudi salama mwaka 2018. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda benki na mkewe. Leo yule mtoto wa karatasi yuko sekondari, na mama yake ndiye Mweka Hazina wetu. Kumbe mlikuwa mnamsikia tangu asubuhi!

Tangu mwaka ule tulijiwekea utaratibu. Mwanachama ambaye mwenzake anasafiri kikazi, awe askari Kongo au binti anayekwenda Omani kufanya kazi za ndani, tunakaa naye kabla ya safari. Tunauliza mambo manne. Fedha za nyumbani zitapita mkononi mwa nani? Nani atapigiwa simu likitokea la kutokea? Watoto wameahidiwa nini? Na mama aliyebaki ana hisa ngapi kwa jina lake? Wengine wanaona aibu kuuliza mambo ya ndani ya nyumba. Sisi tunasema aibu ya siku moja ni nafuu kuliko kuhangaika mwaka mzima.

Akina baba mliopo hapa, mkiondoka mwachieni mama wa watoto wenu uwezo, si salamu tu. Anayebaki naye analinda. Na ninyi wafadhili na majirani mnaotuunga mkono, ikifika Krismasi au Idd angalieni nyumba ambayo mlango wake umefungwa mapema. Pelekeni sahani, kaeni kidogo, msiulize maswali mengi.

Tunawashukuru wote mliochangia sherehe hii, waliopika, waliotuazima viti na turubai. Tunawakumbuka wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki katika miaka hii kumi. Mungu awapumzishe.

Haba na haba hujaza kibaba. Akina mama, Jumamosi ijayo kikao kama kawaida, saa nane kamili, na faini ya kuchelewa iko pale pale.