Askari wa Nchi Isiyo Mwanachama

Msikilizaji wetu wa Dumila, malori ya Rwanda na Burundi hupita hapo njia panda kila siku. Dereva akigonga mtu, hujibu mbele ya mahakama ya Tanzania, na hakuna anayeuliza kama nchi yake ilishiriki kutunga sheria zetu. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kimejengwa juu ya hoja hiyo hiyo. Kongo ni mwanachama wa mahakama hiyo tangu 2002. Rwanda si mwanachama. Februari 2025 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2773, lilitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia waasi wa M23 na liondoke Kongo. Askari yeyote akiua raia kwa makusudi katika vita vya Goma, huko Kivu, mahakama hiyo ya kimataifa ina mamlaka juu yake, maana ardhi ni ya mwanachama.

Wapo wanaopinga, Marekani ikiwa mbele, wakisema kwamba mkataba haumfungi asiyeuridhia. Ni kweli, dola haifungwi: Rwanda hailazimiki na mkataba huo kumkabidhi mtu. Lakini anayeshtakiwa ni mtu binafsi, ambaye Kongo ingeweza kumhukumu yenyewe. Kosa la uvamizi pekee humwacha nje raia wa nchi isiyo mwanachama, na hapo, kwa maoni yangu, watu wa Kivu wamepunjwa.