Ukurasa wa Kikundi Kwenye Intaneti: Tuujenge Wenyewe

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya pande za Meru na Embu)



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo vikundi vingi vinatuuliza siku hizi. Mnauliza, "Je, kikundi chetu kiwe na tovuti? Na itatugharimu pesa ngapi?" Wengine wenu mmetuletea karatasi ya bei kutoka kwa fundi wa mjini, na bei yenyewe ingetosha kununua mbuzi wa maziwa wawili na chenji ikabaki.

Sisi tunasema hivi: ukurasa mdogo wa kikundi, au wa mtu mmoja kama vile fundi cherehani au mwenye kitalu cha miche, mnaweza kuutengeneza wenyewe. Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne na asiyechoka upesi anatosha. Hebu tuone.

TOVUTI NI NINI HASA?

Tovuti ni maandishi na picha zilizowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa, inayoitwa seva, ili kila mwenye simu ya intaneti aweze kuzisoma. Ni hivyo tu. Mpango huu ulipendekezwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kazi hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Ndiyo maana lugha ya alama inayotumika kuandikia kurasa, yaani HTML, haina mwenyewe wa kutudai kodi. Na kurasa rahisi zilizoandikwa zamani zile bado zinafunguka hata leo.

MAJI YA MTEREMKO AU MAJI YA PAMPU?

Sasa mtauliza, ikiwa ni rahisi hivyo, mbona fundi anadai pesa nyingi? Mara nyingi ni kwa sababu anatumia mitambo mikubwa iliyotengenezwa na wengine. Iko kama WordPress iliyoanza mwaka 2003, na React iliyotolewa na Facebook mwaka 2013. Si mibaya. Benki yenye wateja mamilioni inaihitaji. Lakini mitambo hiyo hutaka kufanyiwa marekebisho kila mara. Ikiachwa, wezi wa mitandao wanaingia au ukurasa unaharibika.

Sisi watu wa Mlima Kenya na Nyambene tunajua mambo ya maji. Yako maji yanayoshuka yenyewe kwa bomba kutoka msituni, na yako maji ya kuvutwa na pampu. Pampu ni nzuri mahali ambapo mteremko haupo. Lakini ikiharibika, mnangoja fundi, mnangoja spea, mnachanga tena, na akina mama wanarudi mtoni na mitungi. Maji ya mteremko yanaweza kutunzwa na kamati ya kijiji. Ukurasa wa HTML tupu ni maji ya mteremko. Msiupige pampu ikiwa mlima mnao.

HATUA ZA KUFUATA

1. Anzeni na kalamu na karatasi. Kaeni pamoja mjibu maswali haya: Sisi ni nani? Tuko wapi, na mtu akishuka kwenye matatu aulize nini? Tunauza nini, asali ya Mbeere, miche ya makadamia, ndizi, vikapu? Kinapatikana miezi gani? Apige simu gani? Majibu hayo ndiyo ukurasa wenyewe. Kompyuta inakuja baadaye.

2. Andikeni kwenye kompyuta. Mnaweza kutumia ya shule, ya saiba au ya kuazima. Tumieni programu ndogo ya kuandikia kama Notepad, ambayo huja pamoja na Windows. Hifadhini faili kwa jina index.html ndani ya folda yake. Angalieni isije ikawa index.html.txt, maana hapo ndipo wengi hukwama.

3. Wekeni alama. Alama ni neno fupi lililofungwa kati ya vimshale viwili, kimoja cha kufungua na kimoja cha kufunga. Alama h1 ni ya kichwa kikubwa, p ni ya aya, li ni ya kila kitu kwenye orodha, img ni ya picha, na a ni ya kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Alama nyingi hufunguliwa mwanzoni na kufungwa mwishoni. Ya kufunga huongezewa mkwaju kabla ya neno. Ni kama mlango wa zizi: ukiusahau wazi, ng'ombe wote wanatoka. Ukisahau kufunga kichwa, ukurasa mzima utakuwa herufi kubwa.

4. Msisahau mistari miwili ya juu. Mmoja ni meta charset="utf-8", ndani ya vimshale vyake. Huo unalinda herufi zetu. Kimeru na Kiembu tunaandika ĩ na ũ, na bila mstari huo zinaweza kutokea alama za ajabu ambazo hata mwandishi hazitambui. Mstari wa pili ni meta name="viewport" content="width=device-width". Huo hufanya ukurasa utoshee kwenye simu ndogo.

5. Punguzeni picha. Maandishi ya maneno elfu moja ni kama kilobaiti 8 hivi. Picha moja ya simu inaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa zaidi ya kurasa 300 za maandishi. Mnunuzi anayekuja kwenu analipia bando lake. Picha mbili au tatu zilizopunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja zinatosha. Majina ya faili za picha yawe ya herufi ndogo bila nafasi, kwa maana seva nyingi huona Asali.jpg na asali.jpg kuwa vitu viwili tofauti.

6. Jaribuni. Bonyezeni faili mara mbili, nayo itafunguka bila bando lolote. Mpeni mama ambaye hakuwa kwenye mkutano asome. Asipojua ni wapi pa kupiga simu, rudini hatua ya kwanza.

7. Tafuteni mahali pa kuweka. Ziko huduma za bure kama Neocities, iliyoanzishwa mwaka 2013. Mkitaka jina lenu wenyewe, majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KENIC, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Mwisho wa .or.ke ni wa mashirika yasiyo ya biashara. Jina hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo liingizeni kwenye bajeti kama mnavyofanya na kodi ya ofisi. Ulizeni bei kwa mawakala watatu kabla ya kulipa.

UFUNGUO ANASHIKA NANI?

Hapa ndugu zetu sikilizeni vizuri, maana ndipo vikundi vinapoumia. Tunajua kikundi kimoja cha akina mama kilichomlipa fundi, ukurasa ukatokea, kila mtu akafurahi. Jina la tovuti lilikuwa limeandikishwa kwa jina la fundi, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Alipohama, simu yake haikupatikana. Namba ya mwenyekiti wa zamani ilibaki kwenye ukurasa miaka miwili, na wanunuzi wakapiga simu iliyokufa. Akina mama hawakuwa na njia ya kubadilisha hata tarakimu moja.

Mnajua sanduku la kikundi lina kufuli zaidi ya moja, na funguo hazikai kwa mtu mmoja. Fanyeni hivyo hivyo. Jina liandikishwe kwa kikundi. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, litiwe kwenye bahasha na kufungiwa sandukuni. Watu wawili wajue kubadilisha ukurasa, na mmoja wao awe mwanamke kijana. Jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Tena wekeni nakala ya folda nzima kwenye flashi. Ilikuwako huduma kubwa ya bure iliyoitwa GeoCities, iliyoanza mwaka 1994. Yahoo iliinunua mwaka 1999 na kufunga kurasa zake huko Marekani mwezi wa Oktoba 2009. Asiyekuwa na nakala aliona kazi yake ikiondolewa. Mwenye faili zake alizihamisha kwingine siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo faida ya ukurasa mliouandika wenyewe: unabebeka mfukoni.

YA WATU YASIANIKWE

Tovuti husomwa na watu wa dunia nzima. Msiweke namba za vitambulisho, madeni ya wanachama wala habari za ugonjwa wa mtu. Vikundi vinavyolea mayatima, tunawaomba sana: msiweke sura ya mtoto na maneno "yatima" chini yake ili wafadhili wahurumie. Mtoto huyo atakua, ataoa au ataolewa, na picha bado iko. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto. Hata kama sheria isingekuwako, heshima ya mtu ingetosha.

JE, NI LAZIMA?

Si lazima. Ikiwa mnauziana mayai kijijini, ubao wa matangazo pale sokoni unatosha. Wala tovuti haileti mnunuzi kwa miujiza. Andikeni anwani yake kwenye chupa ya asali, kwenye risiti na kwenye barua zenu. Lakini ikiwa broka ndiye peke yake anayejua bidhaa yenu iko wapi, yeye ndiye atakayewapangia bei. Mnunuzi wa Nairobi akiweza kusoma namba yenu moja kwa moja, angalau mna mtu wa pili wa kuzungumza naye bei. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni haya:

1. Ni nani nje ya kijiji chetu anayehitaji kujua habari zetu, na kwa nini?
2. Ni vijana gani wawili tutakaowapa kazi hii, na tutawashukuru namna gani?
3. Ikiwa tayari tuna ukurasa, neno la siri liko kwa nani leo?

Swali la tatu lijibiwe kabla ya mkutano kufungwa.