Tupime Kitu kwa Kazi Yake, si kwa Bei ya Dukani

Hotuba iliyosomwa na Katibu Mwenezi wa tawi katika mkutano wa wanachama, Itungi, wilaya ya Kyela



Leo sikuja kuzungumza habari za uchaguzi wala za kadi. Nimekuja kuzungumza habari za jembe, sabuni, bati na kikapu. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni na ya dukani, Chama kinayatafutia nini? Mimi nasema ni mambo ya Chama kabisa. Mkulima aliyevuna magunia kumi ya mpunga mwezi wa Juni, kisha mwezi wa Februari anapimiwa mchele kwa kikombe dukani, huyo hajajitawala nyumbani mwake, hata kama bendera yetu inapepea tangu mwaka 1961. Na moja ya njia zinazoutoa mpunga wake ghalani, siyo pekee lakini ni kubwa, ni kununua vitu vya bei ndogo vinavyokula fedha nyingi.

Ukiingia dukani, mwenye duka hukutajia bei moja. Bei hiyo ni ya siku ya kununua tu. Iko bei ya pili ambayo yeye hakutajii, wala si kazi yake kukutajia: ni bei ya kila siku unapokitumia kitu kile. Kuipata si elimu ya chuo kikuu. Chukua bei uliyolipa, ongeza fedha zote utakazotoa kukitengeneza, halafu gawanya kwa siku ambazo kitakufanyia kazi. Mtoto wa darasa la nne aweza kukufanyia hesabu hiyo kwa kijiti mchangani.

Tuanze na jembe. Tuseme liko jembe la shilingi 6,000, chuma chake chembamba, na jembe la shilingi 12,000 lenye chuma kizito kilichofuliwa vizuri. Lile la kwanza latoa siku 40 za kulima, kisha linapinda au tundu la mpini linapasuka. La pili latoa misimu mitatu, tuseme siku 240. Basi jembe la rahisi linakutoza shilingi 150 kila siku unapoingia shambani, na jembe la ghali linakutoza shilingi 50. Lipi ni la rahisi?

Lakini hesabu hiyo bado haijamaliza ubaya wa jembe bovu. Lavunjika lini? Halivunjiki mwezi wa Julai, wakati mpunga umeuzwa na fedha ziko mfukoni. Lavunjika mwezi wa Januari, mvua inanyesha, majani yanapanda, na nyumbani hakuna hata senti. Hapo mkulima huenda kwa mwenye fedha kukopa shilingi 6,000 nyingine, na masharti ni kulipa debe la mpunga wakati wa mavuno. Ukilitazama debe hilo siku ya mavuno, laweza kuwa na thamani ya shilingi 12,000. Na kama ungeliweka ghalani mpaka miezi ya njaa, lingezidi hapo. Hivyo ndivyo jembe la shilingi 6,000 linavyogeuka kuwa jembe la shilingi 18,000 na zaidi, na mkulima anaondoka akijisifu kwamba alipata cha bei nafuu. Hapo ndipo tunaponyonywa, ndugu zangu. Hatunyonywi kwa bunduki. Tunanyonywa kwa mpini.

Wazee watakumbuka kwamba nchi yetu ilikwisha kuliona jambo hili. Serikali ilijenga kiwanda cha UFI kule Ubungo, Dar es Salaam, na kwetu huku ikajenga kiwanda cha Zana za Kilimo mjini Mbeya, ili jembe la Mtanzania litengenezwe na Mtanzania. Mkoloni alikuwa akituletea majembe yaliyofuliwa Wolverhampton, Uingereza, yenye chapa ya mamba, na watu wakayaheshimu kwa sababu yalidumu. Tusione haya kusema ukweli huo. Uzalendo si kununua kitu kibovu kwa sababu kimetengenezwa kwetu. Uzalendo ni kudai kwamba cha kwetu kidumu kama cha mwingine au kumzidi.

Sasa nije kwa mama zetu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa watu wengi wenye vitabu huharibu maneno. Twajua mche wa sabuni hukatwa vipande. Tuseme mche mzima ni shilingi 3,000, na mwenye duka anaukata vipande sita, kila kipande shilingi 700. Anayenunua vipande sita amelipa shilingi 4,200. Kila anapofua nguo analipa karibu mara moja na nusu ya anayelipa mwenye mche mzima. Na tazameni ajabu hii: anayelipa zaidi ndiye mwenye fedha kidogo! Mwalimu mwenye mshahara ananunua mche. Mama anayeuza dagaa ananunua kipande. Ni vivyo hivyo kwa mafuta ya kupima kwa kikombe, sukari ya kufungwa kwenye karatasi, na vifurushi vya simu vya siku moja moja.

Mtu aliyesoma kidogo atasimama hapa na kuwaambia akina mama, "Nunueni mche mzima, acheni ujinga." Huyo hajui asemalo. Mama yule si mjinga. Ana shilingi 1,000 mkononi, na kwa shilingi hizo anataka sabuni, chumvi na kiberiti. Hesabu anaijua kuliko sisi. Asichokuwa nacho ni zile shilingi 2,000 za kuongeza leo. Kwa hiyo kumhubiria mtu mmoja mmoja habari za kubana matumizi ni sawa na kumfundisha samaki kuogelea. Dawa yake ni umoja. Wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa juma, kwa juma moja wana shilingi 5,000, na kwa majuma machache wananunua katoni nzima mjini Kyela kwa bei ya jumla na kugawana miche. Mchezo wa upatu mnaujua tangu zamani, nao unafaa kazi hii pia. Na mkishaipata sabuni, iwekeni juu ya dari au rafu ikauke majuma mawili matatu kabla ya kutumia. Sabuni mbichi huyeyuka upesi kwenye maji, iliyokauka hudumu. Akina bibi walijua hayo walipokuwa wakichemsha sabuni ya mawese.

Hapa mzee mmoja ataniuliza, na ana haki: je, hatukuwa na maduka ya ushirika yakafa? Kweli, Baba. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, shirika la kuyauzia maduka ya ushirika bidhaa kwa jumla. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakaamriwa yaachie nafasi maduka ya vijiji. Mengi yalikufa. Sababu ni nyingi, lakini moja naitaja bila kuogopa: duka liliteremka kutoka juu kama mvua, wanachama hawakuulizwa wanatumia nini, kiasi gani, kwa muda gani. Rafu zikajaa kisichotakiwa, na kinachotakiwa kikapitia mlango wa nyuma. Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na sheria ya kuvirudisha ikapitishwa mwaka 1982. Mimi sikuwako, nimesoma tu; ninyi mliokuwako mlipanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni. Basi sipendekezi duka. Napendekeza watu kumi wanaojuana, wenye daftari moja, wanaonunua kitu ambacho kila mmoja wao atakitumia bila shaka.

Nipite upesi kwenye bati. Sisi wa Kyela mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, hatuna mchezo na paa. Wengi wanadhani bati la geji 32 ni kubwa kuliko geji 28 kwa kuwa 32 ni zaidi ya 28. Ni kinyume: namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi. Tuseme la geji 32 ni shilingi 18,000 na linakaa miaka sita kabla ya kutoboka kwa kutu. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwaka. La geji 28 ni shilingi 34,000, likikaa miaka ishirini ni shilingi 1,700 kwa mwaka. Na fundi hulipwa mara mbili na tatu kwa paa bovu, misumari vilevile. Asiyeweza kuezeka nyumba nzima kwa bati nene aezeke chumba kimoja mwaka huu na kingine mwaka ujao.

Na kikapu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini. Wengine walilalamika, sasa wanatoa mamia ya shilingi kila waendapo sokoni kununua mfuko mbadala, wanaurudisha nyumbani na kuutupa nyuma ya mlango. Kikapu cha ukindu kilichosukwa na mama wa hapa hapa ukienda nacho sokoni kila juma kwa miaka mitatu, umekitumia mara zaidi ya 150. Gawanyeni wenyewe. Na fedha ile inabaki kijijini.

Iko sehemu ya hesabu hii ambayo watu hawapendi kuisikia. Kitu kizuri, cha chuma imara, chaweza kuwa ghali kuliko vyote ikiwa hukitumii. Bandarini kwetu hapa zimeundwa MV Njombe na MV Ruvuma za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria na mizigo. Kila mmoja wetu anajua kwamba meli yenye faida ni ile iendayo Mbamba Bay na kurudi ikiwa na shehena. Meli ikilala gatini, injini mpya na rangi nzuri hazipunguzi gharama yake hata kidogo. Sasa tazameni sanduku lako nyumbani. Sare ya kitenge ya harusi ya Agosti, iliyovaliwa siku moja. Sare ya arusi nyingine ya Septemba, rangi tofauti, siku moja. Tuseme kitambaa na ushonaji ni shilingi 35,000: hiyo ni shilingi 35,000 kwa siku! Jembe la shilingi 50 kwa siku tumeliita ghali. (Kicheko.) Sikatazi harusi, mimi mwenyewe bado nangoja yangu. Nasema kamati za harusi zichague kitambaa ambacho mtu aweza kwenda nacho kanisani, msikitini na sokoni mwaka mzima.

Na kwa kuwa Chama ni cha ukweli, tujisemee na sisi. Fulana zile nyembamba za wakati wa uchaguzi, ambazo zikifuliwa mara tatu shingo inakuwa kama mdomo wa gunia, ni nani aliyezifanyia hesabu? Tawi letu limekodi viti na turubai kwa kila mkutano tangu nilipopewa kazi hii. Mweka hazina akijumlisha stakabadhi za miaka miwili tutaona kama hatujalipia viti ambavyo si vyetu.

Hayo yananifikisha kwenye jambo lililoniinua leo. Nataka tununue mizani.

Kila mavuno twajua yanayotokea. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza mpaka pomoni, halafu anashonea kilemba juu: lumbesa. Serikali imekataza, na wakulima bado wanakubali, kwa kuwa shambani hakuna cha kupimia. Tuseme kila lumbesa inabeba kilo 20 zisizolipwa, na kilo moja ya mpunga ni shilingi 900. Zimekwenda shilingi 18,000 kwa gunia moja. Sasa mtu akisikia mizani ni shilingi 400,000 anashika kichwa. Basi tuhesabu. Tukiwa kaya 80, kila kaya ni shilingi 5,000. Kila kaya ikipima magunia kumi kwa msimu, mizani imefanya kazi mara 800: shilingi 500 kwa kila gunia kwa msimu wa kwanza. Kwa misimu mitano ni shilingi 100. Ongezeni ada ya kuikagua kila mwaka kwa Wakala wa Vipimo, maana mizani isiyo na muhuri wao mnunuzi ataikataa, na atakuwa na haki. Hata hivyo, hamtapata kitu rahisi kuliko hicho katika soko zima la Kyela. Wenye kakao nao wataitumia, kwa hiyo siku zake za kulala zitakuwa chache.

Itunzwe wapi, na nani ashike ufunguo? Hilo lisiamuliwe na mimi. Nashauri wachaguliwe watu watatu, mmoja wao awe mama, na mmoja asiwe mwanachama wa Chama chetu, maana mpunga hauna kadi. Kila upimaji uandikwe daftarini: tarehe, jina, kilo. Daftari hilo lisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu.

Mweka hazina amekwisha kuandaa daftari la michango. Anayeweza kutoa shilingi 5,000 kwa mara moja atoe. Asiyeweza atoe 1,000 kwa juma, itafika kabla ya mpunga kuiva. Majina yataanza kuandikwa Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi ya tawi. (Makofi.)